Jina la Leland Pruitt kwenye Anwani ya Tuija

Jumapili, 9 Oktoba 2022

Ameingia! Tuija ameingia kwenye albamu ya picha za familia. Miaka miwili sasa hatujui dada yangu aliko — simu hakuna, hata kadi hakuna — na leo ukurasa wa usalama unasema aliifungua jana jioni, kwa nywila yake mwenyewe. Ametazama picha moja tu. Baba akichoma samaki uani, kofia imekaa upande.

Ukurasa hautaji mahali. Unatoa anwani ya intaneti, basi, namba nne zenye nukta katikati. Nimezitazama kama mtu anavyotazama uso.

Sijamwambia Mama.

Jumanne, 11 Oktoba

Mchana kazini nimeandika programu ndogo. Inapeleka ile anwani kwenye API ya sajili ya anwani — unauliza mtandao huu ni wa nani, unajibiwa papo hapo. Mistari michache tu. Miaka minne ya hesabu chuoni, kumbe ni kwa ajili ya hii. Nimeiachia iendelee: Tuija akiingia tena, iulize yenyewe na kuniletea jibu kwenye simu.

Jibu la kwanza: anwani imo katika fungu la kampuni ya simu za mkononi, Brandvik. Ofisi, Winnipeg, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu Thunder Bay. Mtu wa kuwasiliana naye, Leland Pruitt.

Najua maana yake. Najua zaidi kile ambacho haimaanishi. Sajili inasema mtandao ni wa nani. Haisemi simu imeshikwa na nani, wala kakaa wapi. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kusoma jina la kiwanda chini ya soli ya kiatu chake.

Najua. Sasa mbona moyo unasema Winnipeg, Winnipeg?

Jumatano, 12 Oktoba

Nimemwambia Mama. Sikukusudia. Alikuwa anasuka mkate wa iliki, anasuka mitatu kama zamani, ingawa tuko wawili na wa tatu huishia kwa jirani — yakanitoka tu.

Hakulia. Alijifuta unga, akataka kuona. Kidole chake kikapita juu ya namba zote, kikasimama kwenye jina.

"Huyu Leland ni nani?"

"Mtu wa kampuni, Mama. Wa kupigiwa mtandao ukiharibika."

"Anaishi naye."

"Mama! Hapana."

"Pruitt. Hata jina lenyewe silipendi. Ana umri gani?"

"Sajili haisemi umri!"

"Basi anauficha."

Nimeeleza upya. Nimechora nyumba, minara, mishale. Ameitikia kwa kichwa kila hatua, kwa adabu kabisa. Mwisho akasema, "Nimeelewa. Tunaondoka kesho asubuhi. Nitampelekea Tuija mkate."

Na mimi — hapa ndipo sijielewi — badala ya kukataa nimeomba ruhusa kazini. Kwa nini? Yeye anaamini jina lile kwa sababu hajui. Mimi ninayejua, ninaamini kwa sababu gani?

Alhamisi, 13 Oktoba

Siku nzima barabarani. Theluji baada ya mji wa Ignace. Mkate mapajani mwa Mama, gari lote linanukia iliki.

Karibu na Kenora akasema, macho dirishani: "Nilimwambia asiuguse tena mlango wangu. Siku ya mazishi ya baba yenu. Mbele ya watu."

Nilikuwepo. Tuija alitaka sauna ya Baba, kile kibanda cha kuogea mvuke uani, iwashwe jioni ile, tumuage kama alivyozoea kuoga kila Jumamosi. Mama akaona ni mzaha juu ya maiti. Ugomvi wa kuni! Jiko la sauna halijawashwa tangu siku hiyo. Mama hupita uani bila kugeuza shingo upande ule.

"Ulikuwa na huzuni," nikasema.

"Nilikuwa na mdomo," akanijibu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Leland Pruitt yupo! Mtu mzima, mwembamba, kalamu sikioni, anakaribia kustaafu. Aliteremka mapokezi akitabasamu. Mama hakumsalimu.

"Wewe ndiye Leland? Umemweka wapi mwanangu?"

Akanigeukia. "Dada, nisaidie. Nimefanya nini?"

Nikaeleza, nikidhani nitazimia kwa aibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama yangu," akasema, "jina langu waliliweka pale zamani, hakuna aliyelitoa. Watu hunipigia kunitukana kwa sababu ya barua pepe taka. Lakini kuiba binti wa watu — hili jipya."

"Una mke?"

"Ninaye. Akinisikia naulizwa hivi atafurahi, anadhani hakuna tena wa kunishuku."

Mama akamtazama sana. Halafu akamkabidhi mkate, kama mtu anayelipa faini.

Nilimuuliza kama anaweza kuona ile simu ni ya nani. Anaweza. Haruhusiwi, mpaka polisi walete amri ya mahakama — na polisi walishatuambia, Tuija ni mtu mzima, ameamua kuondoka. Akaona uso wangu. Akasema polepole:

"Wateja wetu wote, toka hapa mpaka kwenu Thunder Bay, wanatokea kwenye intaneti kupitia jengo hili. Anaweza kuwa ng'ambo ya barabara. Anaweza kuwa jirani yenu."

Nililijua hilo! Au nililijua kama linavyojuliwa swali la mtihani, siyo kama kitu kinachomhusu mtu mwenye mikono na nywele?

Mama hataki kurudi. "Tutamtafuta. Mji wenyewe si mkubwa." Mji wa watu laki saba!

Jumamosi, 15 Oktoba

Tuko gesti. Mama ametoka na picha ya Tuija, anaingia duka kwa duka.

Simu yangu imetikisika. Programu. Tuija ameingia tena, sasa hivi. Picha ileile. Lakini anwani nyingine — na jibu la sajili si Brandvik. Ni kampuni ya simu ya mji wetu. Ofisi, Thunder Bay.

Nikaziangalia namba. Hizi nazijua. Ni za nyumbani. Ruta yetu, kile kisanduku cha waifai cha jikoni!

Nikadhani nimekosea. Labda programu imejiuliza yenyewe? Hapana. Labda kompyuta yangu? Hii hapa kitandani. Labda jirani, Bi Petryshyn, tuliyemwachia paka kwake? Simu yake ni ya vitufe, na nywila ya waifai haijui. Hiyo aliiweka Baba, Mama hakuruhusu ibadilishwe. Simu iliyowahi kuunganishwa haisahau. Ikikaribia tu, inaingia yenyewe.

Na waifai inafika mpaka uani.

Bado najiambia sajili haisemi nani ameshika simu. Nimewaeleza watu wangapi hilo wiki hii? Mama, mara mbili. Nafsi yangu, kila saa.

Ndipo Bi Petryshyn akapiga.

"Eevi, mwanangu, mko wapi? Sauna yenu inatoa moshi! Nimeutazama mlango wa nyumba, umefungwa, theluji ya kizingitini haijakanyagwa. Niite zimamoto?"

"Usiite! Usimwite mtu yeyote."

"Lakini kuna mtu mle ndani. Taulo limeanikwa nje. Basi niende nikagonge?"

Theluji ya kizingitini haijakanyagwa. Hakuugusa mlango. Ameambiwa asiuguse, hajaugusa.

Sijui nijibu nini. Akigongewa anaweza kukimbia. Asipogongewa, kuni zitakwisha, ataoga, ataondoka — na sisi tuko mwendo wa siku nzima. Nimemwambia Bi Petryshyn asikate. Simu iko mezani, namsikia akipumua na kumnong'oneza paka. Naandika kwa sababu mkono lazima ufanye kitu.

Na kama si yeye?

Ni yeye. Nani mwingine angewasha jiko la Baba Jumamosi?

Viatu vya Mama kwenye ngazi. Anapanda taratibu, amechoka. Akiingia nitampa simu. Yeye ndiye mwenye mlango, yeye ndiye wa kusema. Lakini nianze na lipi — anwani, au moshi?

"Eevi?" sauti ndogo inatoka mezani. "Anaimba. Nimwambie nini?"

Ufunguo unazunguka.