Oda Iliyokataa Kushuka Bei

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Karakana ya Magodoro,
Tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika madalali wenzangu wote wanane, nimewaona mabwana soko watano wakija na kuondoka, na yule daktari aliyesema nisipoacha ugoro sitafika hamsini, naye nimemzika. Mimi sijambo, mgongo tu. Wewe je? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Watoto wazima? Barua hii nimeiandika siku tatu kwa mkono wangu, kwa darasa la tatu langu, kwa hiyo usicheke herufi.

Shemeji yako haoni. Anaona mwanga na vivuli, mimi ananijua kwa kukohoa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema yanapasuliwa, yanapona. Ndiyo sababu niliuza kengele yangu ya mnada, meza na lile jukwaa. Pesa ikatosha macho mawili kamili, ila zamu yetu ikapangwa miezi miwili mbele.

Sasa unanijua. Miaka arobaini nimeita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikinadi makabati, baiskeli, hata jeneza lililokataliwa na wenyewe. Nikaona pesa kulala miezi miwili ni uvivu. Fundi simu wa hapo mlangoni, mama wa maneno machache, huuza na kununua sarafu za mtandaoni. Nikamwambia aniingize na mimi.

"Mzee, huu si mnada wa vitanda," akasema.

"Bei ni bei, mwanangu. Nimeijua kabla hujaota meno."

Nikanunua kila sarafu kwa mia na nne. Akanieleza oda, yaani maagizo ya kuuza unayoiachia simu, kwa subira. Kuna ya kuuza papo hapo kwa bei unayoikuta. Kuna ya kutaja bei yako na kumngoja mnunuzi aifikie. Halafu kuna ya mlinzi: unaweka alama, inalala, bei ikishuka hadi kwenye alama inaamka na kuuza usije ukapoteza zaidi. Mlinzi mwenyewe yuko wa namna mbili. Mmoja akiamka anauza kwa bei yoyote. Mwingine akiamka hauzi chini ya bei uliyomkataza.

"Chukua wa kwanza, mzee. Utaumia kidogo, lakini utatoka."

Mimi niuze kwa bei yoyote? Mimi niliyelirudisha kabati la marehemu mwalimu ghalani mara sita mpaka wakafika bei yangu? Nikachukua wa pili. Alama mia, marufuku kushuka chini ya tisini na tisa. Chini kabisa kwenye kioo cha simu palikuwa na maandishi madogo mekundu. Maandishi madogo, miaka yote, ananisomea shemeji yako. Nikabonyeza kubali.

Jumatatu asubuhi, povu la kunyolea likiwa bado shavuni, bei ikaanguka. Haikushuka ngazi kwa ngazi, iliruka. Mia na moja, mara themanini na nane. Mlinzi akaamka, akamtafuta mtu wa tisini na tisa, hayupo. Basi akasimama palepale na bei yake mkononi. Nikamwambia, "Shuka basi, uza!" Simu haina masikio. Mnadani ningeziona nyuso, ningejua nani anataka kuondoka, ningemwita kwa jina la baba yake. Huku hakuna uso. Sabini. Sitini na tano. Oda yangu imeandikwa "inasubiri", nami nasubiri nayo.

Fundi akaniambia, "Ghairi hiyo, uza kwa bei iliyopo." Nikamwambia atulie. Siku nne nikamwambia atulie.

Siku ya tano shemeji yako, akikunja nguo kwa kupapasa, akauliza imefika ngapi. Sauti yangu anaijua, sikuweza kumdanganya. Nikasema hamsini na mbili.

"Hiyo ni jicho moja," akasema.

"Ndiyo."

"Basi uza lingali jicho. Sura yako sina haja ya kuiona mara mbili, baba watoto."

Akacheka. Nikaenda kwa fundi, nikaghairi, nikauza kwa bei yoyote, mara ya kwanza katika maisha yangu. Haikuchukua hata pumzi moja. Jana imepanda hadi sitini, na sitaki kuongea juu ya hilo.

Hospitalini karani akauliza tumechagua jicho lipi. Shemeji yako akajibu, "La kulia. Mezani anakaa upande huo."

Upasuaji ni Alhamisi hii. Sikuombi pesa, narudia, sikuombi. Ni kwamba sijui mikono yangu niiweke wapi.

Msalimie mkeo, shangazi mshonaji, na yule mwanao mwenye mwanya. Mola akuachie macho yako hadi uzee wako.

Najua hutaamini kwamba nimekosea, maana hujawahi kunisikia nikisema hivyo. Fundi simu ni shahidi, muulize. Au ngoja Alhamisi ipite, umwandikie shemeji yako mwenyewe. Tumia kalamu nyeusi, herufi kubwa. Akiweza kuisoma, atakujibu kama nimesema kweli.

Ndimi kaka yako nikupendaye,
Mara-ya-Tatu