Jumapili Ambayo Sikuwapo Getini

MAELEZO YA SHAHIDI
(Maelezo ya pili. Ya kwanza yaliandikwa tarehe 18/02/2025.)

Kituo: Kituo cha Polisi, Bariadi
Tarehe: 20/02/2025. Yameanza kuandikwa saa 9:10 alasiri
Jina: Mhoja s/o Maige
Umri: Miaka 54
Kabila: Msukuma
Elimu: Darasa la sita, hakumaliza
Kazi: Mlinzi wa geti, ghala la chama cha wakulima wa pamba
Makazi: Malambo, Bariadi mjini

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa na Afande Koplo Naila kwamba nikisema uongo kwa mara ya pili nitashtakiwa, na nimeelewa. Juzi Jumanne nilipoulizwa kazi nilisema mkuu wa ulinzi na mitambo. Leo nasema mlinzi wa geti. Hakuna mtu ninayemwongoza pale, niko mimi na filimbi yangu.

Mnamo tarehe 14/01/2025, siku ya Jumanne, saa 4:00 asubuhi, alifika ofisini kwetu mpwa wangu Joyness d/o Mwandu, mtoto wa dada yangu Nyanjige. Yeye anatengeneza kompyuta huko Nyashimo. Ni mimi niliyempeleka kwa katibu wa chama, na hilo ni kweli kabisa, katibu anaweza kuulizwa. Kompyuta zetu tatu zilikuwa zinakufa ovyo kwa joto na vumbi la pamba. Ya katibu na ya mizani zinatumia mfumo wa Linux. Ya tatu inatumia Windows, nayo ni ya karani wa ghala, Milembe d/o Mayala, ambaye sasa hivi yuko mahabusu humu ndani kwa sababu yangu.

Joyness aliweka ndani ya kompyuta hizo kitu anachokiita maktaba. Nilimuuliza vitabu viko wapi, akacheka. Akasema, "Ni programu, mjomba. Inaiuliza kompyuta hali yake. Imepata joto kiasi gani, kumbukumbu imejaa kiasi gani, diski imebaki na nafasi gani, imewashwa tangu lini. Windows anajibu kwa namna yake na Linux kwa namna yake, lakini hii inajua kuuliza kote kote, halafu inatuletea majibu kwenye ukurasa mmoja."

Mimi nilijielewesha hivi. Ni kama bwana mifugo. Awe ng'ombe wa kienyeji, awe wa kisasa, yeye anapima joto, anahesabu pumzi, anaandika kwenye karatasi ile ile. Hamuulizi ng'ombe amekula shamba la nani.

Ukurasa wenyewe alinifungulia kwenye skrini kuukuu kibandani kwangu, kwa kuwa mimi niko pale kutwa. Aliniambia, "Mstari ukiwa mwekundu nipigie simu. Mengine usiyatafsiri, mjomba." Nikamwambia asinifundishe namba, mimi hesabu nilikuwa wa kwanza shule nzima. Sikuwa wa kwanza.

Kuanzia siku ile nilianza kusema maneno. Mkabala na geti letu kuna duka la Bwana Khatibu, lenye benchi nje, na watu hukaa hapo wakinywa chai. Niliwaambia nimefungiwa mtambo unaoona kila kitu ghalani, hata nzi akitua kwenye katoni mimi najua ni dume au jike. Khatibu akasema, "Mhoja, kama mtambo unaona wezi, wewe wanakulipa kwa kazi gani?" Watu wakacheka sana. Nikasema wananilipa kuuangalia mtambo. Wakacheka tena. Mimi mtu akicheka huwa naongeza, ndiyo maradhi yangu.

Jumamosi ya tarehe 15/02/2025, kama saa 10:00 alasiri, niliongeza. Nilikuwa nimealikwa Kalemela kesho yake kuwa msemaji wa upande wa bwana harusi katika kupanga mahari, maana ndugu zangu wakitaka ng'ombe wapunguzwe hunitafuta mimi. Khatibu akauliza, "Na geti utamwachia nani, mzee?" Nikasema kwa sauti, nikiwa nimesimama, kwamba kesho geti litalindwa na mtambo, mimi hata nikiwa Kalemela naona. Walikuwepo watu kumi au zaidi. Wengine nawajua, wengine walikuwa wapita njia. Kuona huko hakukuwepo. Saa 11:00 jioni siku hiyo hiyo nilizima swichi kubwa ya umeme ya ofisi kwa mkono wangu, kama nifanyavyo kila Jumamosi, na skrini ya kibandani ikazimika pamoja na vingine vyote.

Jumapili tarehe 16/02/2025 niliondoka getini saa 2:00 asubuhi, nikarudi saa 12:00 jioni. Sikuaga mtu. Kule Kalemela nilisema vizuri, ng'ombe walishuka kutoka kumi na wanane hadi kumi na wawili. Afande ameniambia hilo haliko kwenye kesi. Naomba libaki, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakifanya wakati ghala linaibiwa.

Jumatatu tarehe 17/02/2025 niliwasha swichi kubwa saa 1:45 asubuhi. Wenzangu wakafika na kuwasha kompyuta zao. Saa 2:30 asubuhi Milembe alifungua ghala, akatoka mbio akimwita katibu. Katoni thelathini na nane za dawa ya kupulizia pamba hazikuwepo. Ni dawa ya wanachama, na shambani wadudu wameshaingia. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo anakaa nao Milembe peke yake. Katibu alinigeukia, akasema, "Mhoja, Jumapili nani aliingia humu?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema sikuwepo. Niliiona kabisa hiyo nafasi, kama mtu anavyoona mlango. Badala yake niliangalia skrini. Kompyuta ya katibu ilionyesha imewashwa dakika thelathini na moja. Ya mizani, dakika ishirini na tisa. Ya Milembe ilionyesha imewashwa siku saba. Nikasema, "Katibu, njoo uone. Ya huyu mama ilikuwa inawaka Jumapili yote."

Milembe akasema, "Baba Mhoja, mimi Jumamosi niliizima, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni unanisubiri." Alisema hivyo kwa upole tu, hakupandisha sauti. Ni kweli nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamjibu mbele ya watu kwamba mashine haina shangazi wala mjomba, haimpendelei mtu.

Tarehe 18/02/2025 niliitwa kituoni hapa nikatoa maelezo. Afande alisema namba ya kwenye skrini peke yake haitoshi, akaniuliza kama nilimwona mtu. Nikasema nilimwona Milembe kwa macho yangu mawili, Jumapili saa 8:00 mchana, akiingia na watu wawili na mkokoteni. Afande akauliza alivaa nini. Nikasema gauni la kijani lenye kola nyeupe. Nilisema pia kwamba mimi si mtu wa kudanganywa na macho, mwaka 2009 nilimkamata fisi kwa mkia mchana kweupe, na Afande aliandika.

Hayo yote ni uongo. Sikumwona Milembe, nilikuwa Kalemela. Gauni la kijani analo kweli, ni la kwaya, nililiona Pasaka iliyopita akipita getini. Ndiyo maana polisi walipokwenda nyumbani kwake walilikuta. Yeye alisema Jumapili alikuwa ndani na mtoto mwenye homa, na shahidi wake ni mama yake mzazi tu. Gauni likaaminiwa kuliko mama. Alichukuliwa jioni ile ile.

Milembe ana mtoto wa miezi saba, bado ananyonya. Tangu juzi bibi wa mtoto anamleta hapa kituoni asubuhi na jioni, na njia yao inapita mbele ya geti langu. Jana asubuhi saa 1:20 bibi alinisalimia, "Mwangaluka, baba." Nikaitika. Jana jioni alinisalimia tena, na leo asubuhi tena. Hajui ni mimi niliyesema habari ya gauni. Leo asubuhi mtoto alikuwa analia, bibi akasimama kivulini kwangu kumfunga upya mgongoni, akaniomba nimshikie khanga. Niliishika.

Leo tarehe 20/02/2025, saa 5:00 asubuhi, Joyness alifika kutoka Nyashimo, ameitwa na mwenyekiti wa chama aeleze namba zile. Alikuja kwanza kibandani. Aliuliza, "Mjomba, ni kweli umesema kompyuta ya Milembe ilikuwa inawaka Jumapili?" Nikasema si mimi, ni maktaba yako. Akaniambia nimfuate ofisini.

Mbele yangu na mbele ya mwenyekiti aliwasha kompyuta ya Milembe, akaizima kama watu wanavyoizima siku zote, akachomoa na waya ukutani. Tulisubiri. Alipoirudisha na kuiwasha, namba ikasema imewashwa siku kumi. Akafanya hivyo hivyo kwa ya mizani. Ikasema dakika moja.

Joyness akaeleza, "Hii ya Windows ukiizima haizimiki yote. Inajiwekea kumbukumbu kwenye diski, na ikiwashwa inaendelea kuhesabu kana kwamba haikuzimwa. Inaanza upya ukiiamuru ianze upya, na mara ya mwisho ni mimi niliyeiamuru kwa simu, Jumatatu ya tarehe kumi. Maktaba inaleta jibu ililopewa. Haisemi nani alikuwa amekaa kwenye kiti."

Mwenyekiti akanitazama. Joyness akaniuliza swali moja, akiangalia chini. "Mjomba, Jumapili umeme ulikuwepo?"

Nikasema haukuwepo. Swichi nilizima mwenyewe.

"Sasa ingewakaje?"

Mimi nimezoea kuwa na jibu. Yule mtoto nilimbeba mabegani siku anakwenda darasa la kwanza, na kila mahali nimesema kompyuta anazijua kwa sababu ya akili ya ukoo wetu. Alinishika mkono wa shati, akasema, "Twende polisi, mjomba. Mimi nitakaa nje." Amekaa nje mpaka sasa.

Afande ameniuliza kama nina nyongeza. Nilisema sina. Ameniuliza tena kwa nini nilihitaji kumtaja mtu, wakati ningeweza kusema sikuona kitu. Nina nyongeza.

Jumatatu ile tarehe 17/02/2025, saa 1:50 asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika, nilizunguka nyuma ya ghala. Bati moja la ukuta wa nyuma, upande wa mwarobaini, lilikuwa limeng'olewa misumari chini, limeinuliwa kiasi cha mtu kupita akiwa ameinama. Pamba ya ardhini ilikuwa imekanyagwa, na alama za tairi za mkokoteni zilionekana mpaka kwenye ua. Nilijua hapo hapo kwamba wameingia nikiwa Kalemela, na kwamba wamekuja kwa sababu nilisimama kwenye benchi nikawatangazia kuwa sitakuwepo. Nikaenda kibandani nikachukua nyundo. Nilipiga misumari minne. Alama za tairi nilizifagia. Nilipomaliza kufagia, ghala lilikuwa limebaki na mlango mmoja tu, na ufunguo wa mlango huo alikuwa nao Milembe.

Kwa hiyo namba ya siku saba haikunidanganya. Mimi tayari nilikuwa najua si yeye. Namba niliiokota tu, kama mtu anavyookota fimbo iliyo karibu.

Misumari ni ya inchi mbili, mipya, ile ya zamani ina kutu. Mtu akienda sasa ataiona. Nyundo iko chini ya kiti changu. Waliokuwa kwenye benchi Jumamosi nimewataja kwa Afande kwa majina ninayoyajua, simtuhumu hata mmoja wao, nimeshatuhumu vya kutosha. Siombi nisamehewe kwenye karatasi hii. Naomba Milembe atoke kabla mtoto hajaletwa saa kumi na moja. Na yule fisi wa mwaka 2009 naomba afutwe pia. Alikuwa mbwa wa jirani, na alikuwa amefungwa.

Nimesomewa yote kwa Kiswahili, na palipo pagumu nimeelezwa kwa Kisukuma. Hayo ndiyo niliyonayo, hakuna niliyoyabakiza. Naweka sahihi yangu nikijua yatakayonifuata.

(Sahihi) M. Maige

MAELEZO YA ASKARI: Mimi WP Koplo Naila nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, kwa hiari yake. Yamekamilika saa 10:35 jioni. Kabla ya kuyafunga nilituma askari ghalani. Ameripoti kwa simu kuwa bati la nyuma lina misumari minne mipya, na nyundo imekutwa mahali ilipotajwa. Saa 10:50 jioni Milembe d/o Mayala ameachiwa huru. Suala la shahidi kutoa taarifa ya uongo na kuharibu ushahidi limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi. Shahidi amedhaminiwa na mpwa wake, Joyness d/o Mwandu, na ataripoti hapa Jumatatu tarehe 24/02/2025 saa 2:00 asubuhi.

Saa 11:00 jioni, akiwa amekwisha kutia sahihi, shahidi aliona kupitia dirisha kwamba bibi na mtoto wamefika na Milembe amekaa nao kwenye benchi la mapokezi, ananyonyesha. Aliomba atolewe kwa mlango wa nyuma.

Kituo hiki kina mlango mmoja.

(Sahihi) WP Koplo Naila