Mume Wangu Huacha Vidonge Ili Aumikwe

Mpendwa mshauri,

Mungu aliyetujalia pumzi ayatangulie maneno haya, nami nakusalimu kwa heshima pamoja na wasomaji wote wa gazeti letu la usharika. Naomba msaada, maana nimechoka, na uchovu wangu si wa mikono.

Mume wangu, Taisto, alipatwa na kiharusi mwezi Oktoba akipasua kuni, na hospitalini wakampa kidonge cha kila asubuhi, cha kuzuia chembe za damu zisishikamane na kuziba tena mishipa ya ubongo, wakamwonya asikiache, lakini Taisto tangu ujana wake huumikwa saunani, kwenye chumba chetu cha mvuke, kila majira yanapobadilika, kama babaye na babuye, akichanjwa mgongo na kubandikwa pembe za kunyonya damu, na Saimi, bibi anayetuumika hapa kijijini, ni mtu wa kanuni, hashiki wembe kabla hajauliza: "Haya mzee, unameza chochote cha kulainisha damu? Usinidanganye, mgongo wako utanisimulia." Basi Taisto akaanza kuacha vidonge siku kumi kabla, na Saimi aliponigeukia mimi, "Aune, nawe wasemaje?", nikajibu kwamba daktari ameruhusu. Nilidanganya, mshauri, nimesimama na ndoo ya maji mkononi.

Nilipomsihi Taisto alinicheka. "Tulia, mama. Damu chafu ikitoka, kichwa kinapata nafasi. Hao madaktari wamezaliwa juzi."

Jumatatu hii, akiwa ameacha tena vidonge ili aumikwe Jumamosi, tulikuwa kwenye kahawa, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, akalitamka jina langu kama mwenye uji kinywani, baada ya dakika kumi yakapita, akafuta meza mwenyewe, akasema, "Umeona? Si kitu. Ukimwambia yeyote, Jumamosi Saimi hatanigusa, na mimi sitakusamehe." Nikaahidi. Tangu hapo kila anapokula namtazama mdomo. Je, niivunje ahadi niliyompa mume niliyeishi naye miaka arobaini na sita?

Aune, Kauhajoki

Dada yangu Aune,

Amani ya Bwana iwe nawe. Kwa kuwa uliandika namba ya simu chini ya barua, nilikupigia kabla sijavua koti, nikakuambia upige 112, namba ya dharura, papo hapo. Ulijibu, "Atanikasirikia, mchungaji." Na akasirike! Anayekasirika yu hai.

Jana umeniarifu kwamba Taisto yuko wodini, ulimi wake umerudi sawa, na anazungumza na kila mtu isipokuwa wewe. Nakuonea huruma kwa hilo. Ila nitakukemea pia, kwani ulijua. Mdomo uliopinda kwa dakika kumi si jambo lililopita. Ni mlango uliogongwa, na anayegonga hurudi. Wewe ukakaa siku mbili ukilinda ahadi. Ahadi ya kunyamaza mtu aangamie haimfungi yeyote mbele za Mungu. Nimesoma Maandiko miaka hamsini na sijaikuta humo.

Kuumikwa ni desturi ya wazee wetu, nami mgongo wangu una makovu yake. Lakini pembe hunyonya damu ya ngozi, haizibui mshipa wa ubongo. Kidonge ndicho kinacholinda njia ile, na ukikiacha siku kumi, ulinzi umekwisha. Akirudi nyumbani, kiweke kando ya kikombe chake, umwone akimeza. Akisahau siku moja, usimpe viwili kufidia. Mpigie muuguzi umwulize. Akitaka kuumikwa, amwulize daktari kwanza, na jibu likiwa hapana, ni hapana. Na uso ukipinda tena, hata kwa dakika moja, piga simu kabla hujamwuliza yeye ruhusa.

Kisha nenda kwa Saimi, leo, kwa miguu yako, umwambie ulimdanganya. Wembe ule ulikuwa mkononi mwake, na lawama ingemwangukia yeye.

Kuhusu kimya cha Taisto, usimbembeleze wala usijitetee. Keti kando ya kitanda chake, ageukie ukuta akitaka. Ukuta hautamjibu, Aune, wewe utakuwepo.

Bwana akutie nguvu wewe uliyechoka, amponye mumeo, na ailinde nyumba yenu na kila nyumba inayosoma haya. Amina.