Baba wa Kwenye Miwani

Baba Raya, mume wangu,

Assalamu alaikum. Najua utashangaa kupata maneno haya kwa maandishi na hali jana tu tumezungumza kwa simu. Lakini simu ina mambo yake. Wewe uko chumbani na wenzako, kila mmoja masikio wazi. Mimi niko huku, mama yako anataka apewe naye azungumze nawe, na Raya ananivuta leso. Ya maana yote yanabaki kooni. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika, tena kwa uwazi, maana hapa Mambrui si mimi peke yangu ambaye mume wake yuko Uarabuni. Atakayesoma akajiona humu, basi na ajione.

Unakumbuka siku Athman, jirani yetu, alipokuja likizo na ule mzigo wako? Ulikuwa umeniambia, "Kuna kitu nimekutumieni, lakini sisemi ni nini." Mimi moyoni nikasema hiyo ni blenda. Nikamwambia mama yako, "Mama, leo tutapumzika kutwanga." Athman akaja na sanduku lake, akatoa taulo nene la kuogea, na ndani ya taulo likatoka dude jeupe lenye mikanda, pamoja na rimoti mbili. Mama akaligeuzageuza mikononi.

"Hii ni kofia ya pikipiki?"

"Ni miwani ya michezo, mama," Athman akamjibu. "Ukiivaa, wajiona uko ndani ya mchezo mwenyewe. Mwanao ana nyingine kama hii. Watacheza pamoja, yeye huko na mtoto huku."

Akatueleza kwamba kwenye ukumbi wa michezo unakofanya kazi huko Doha wameleta miwani mpya, na zile kuukuu wakawauzia wafanyakazi, nawe ukachukua mbili. Nilikasirika, mume wangu. Nilijiuliza, mtu anasimama kutwa kuwavisha watoto wa wenziwe miwani, kisha akitoka kazini anaivaa mwenyewe? Na blenda je?

Lakini wewe ulikuwa umeliona jambo ambalo mimi nilikuwa nikilikwepa. Mtoto hakujui. Uliondoka akiwa anatambaa, na mkataba mmoja ukazaa mwingine. Kila ulipopiga simu ya video, Raya alikuwa akijificha nyuma ya mlango. Nikimwambia, "Njoo umsalimie baba," anakuja, anasema "Shikamoo" huku akiangalia dari, kisha mbio. Wewe unajibu, "Marahaba, mwanangu," na mtoto ameshafika uani. Nilikuwa nauona uso wako kwenye simu ukibaki na tabasamu lisilo na wa kulipokea. Tukawa hatulizungumzi, si mimi si wewe.

Siku yako ya mapumziko ni Jumatatu, kwa vile Ijumaa watu wa huko hujaa madukani. Basi Jumatatu ile Raya alipotoka chuoni kusoma Kurani, Athman alisogeza viti, akakunja mkeka, akamvisha. Miwani ilikuwa kubwa, nikaijaza kitambaa kisogoni ili isimwanguke. Athman akaiunganisha na simu yangu ili nasi tupate kuona anachokiona mtoto. Kilikuwa chumba chenye rafu, na juu ya rafu makopo yamepangwa, na kando mipira ya kuyalenga. Na ulikuwapo wewe. Yaani kijitu cha katuni: shati la kijani, masharubu kama brashi, kichwa, kiwiliwili na mikono. Miguu hakuna. Unaelea tu kama puto.

Raya alikupungia mkono, nawe ukampungia. Ukasema, "Hakuna mlengaji kama mimi tangu hapa hadi Kilifi. Tazama!" Ukatupa mpira, ukapita juu kabisa ya makopo, ukagonga ukuta.

"Aaa! Upepo!" ukasema.

Raya alicheka hata akachuchumaa. "Ndani hamna upepo, baba!"

Sijui kama wewe uliona uzito wake. Mimi niliuona. Yalikuwa maneno ya kwanza mtoto huyu kukwambia bila kusukumwa, na ndani yake mlikuwa na neno baba. Nilikwenda jikoni nikasimama kidogo peke yangu.

Tangu hapo Jumatatu ikawa sikukuu yake. Alikwambia habari za jino lililong'oka. Alikusomea sura aliyohifadhi, na kijitu cha katuni kikatulia tuli kikimsikiliza hadi mwisho. Mimi nilikuwa nakuna nazi polepole mlangoni ili nisipitwe na neno. Nilipoona ameanza kupikicha macho, nilimvua hata akilia, nawe siku zote uliniunga mkono: "Mama amesema basi, ni basi." Hata kulea tukawa tunalea pamoja, jambo ambalo kwa simu halikuwa likiwezekana.

Halafu ikawa ile siku ya mama. Wiki nyingi alikuwa akisema yeye hawezi kufungwa macho akapiga hewa kama aliyepagawa. Siku ile akasema, "Hebu nami nimwone mwanangu." Tukamvisha juu ya mtandio wake. Alikuona, akakukagua kuanzia kichwani hadi chini.

"Mwanangu, miguu yako wameifanya nini?"

Ulicheka wewe, nikacheka mimi, Raya akalala chini kwa kicheko. "Mama, huu ni mchezo tu. Miguu ninayo yote miwili."

"Basi nipigie picha niione."

Hakukubali mpaka ulipoituma. Picha ilipoingia kwenye simu yangu nilimpa bila kuitazama vizuri. Yeye aliitazama kwa muda mrefu. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba hadi fundoni, na alama za soksi zimekata nyama. Wewe kila siku ulikuwa ukisema, "Alhamdulillahi, niko sawa." Mama akanirudishia simu, akasema, "Huyu anasimama kutwa. Hapewi hata kigoda." Tangu siku ile, kila akiomba dua baada ya sala, anaitaja miguu yako.

Na kuna siku yetu sisi wawili, ambayo hata mama haijui. Raya alikuwa chuoni, mama ameenda kwenye maulidi. Ulinitumia ujumbe, "Leo ingia wewe." Nilioga. Nilivaa leso mpya, doti ile ya njano. Nikatia udi kwenye chetezo nikajifukiza, kisha nikasimama katikati ya chumba nikijicheka: atainusa vipi? Nikavaa miwani nikakukuta kwenye kibaraza mbele ya ziwa, na ng'ambo yake milima imefunikwa theluji. Sijawahi kuona theluji. Ukasema, "Karibu, mke wangu," na wallahi nikaona haya kama bi harusi. Nikakosa pa kuiweka mikono. Ulitaka kunifundisha kulenga makopo. Nilirusha mpira mmoja, rimoti ikagonga kabati la vyombo kweli, tukasikia sote kikombe kikivunjika.

"Hicho ni kile cha maua?" uliniuliza.

Ulikikumbuka. Miaka yote hiyo, bado ulikuwa unavijua vikombe vya nyumba yako. Hatukucheza tena. Tulikaa tu kwenye kile kibaraza, tukizungumza juu ya bati linalovuja na karo ya shule, kama watu wanaoishi pamoja.

Kisha ukapewa likizo.

Tulijitayarisha wiki nzima. Raya nilimvalisha gauni la Idi, nikampaka piko mikononi, naye akawaambia watoto wote wa mtaa kwamba baba yake anakuja na watacheza Jumatatu yote. Uliingia mlangoni ukiwa umebeba mabegi. Yeye alikuangalia kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka usoni, kisha akapiga ukelele.

"Huyu si baba! Baba yangu hana miguu!"

Akajificha ndani ya buibui la mama. Majirani waliokuja kukupokea walicheka, nawe ukacheka nao. Ukawaamkia wakubwa, ukagawa tende, ukauliza habari za kila mmoja. Walipoondoka nilikukuta umekaa kitandani hujavua hata viatu.

"Nimempoteza, mama Raya."

"Hujampoteza," nilikwambia. "Bado hajakupata."

Nilisema hivyo kwa kukutia moyo tu, mimi mwenyewe nilikuwa na hofu. Siku ya kwanza alikula chumbani kwa bibi yake. Siku ya pili vilevile. Ulimnunulia mwanasesere, akampokea kwa mikono miwili, akasema "Ahsante" kama anayemshukuru mgeni. Nilipendekeza umvalishe miwani, nawe uvae ya kwako, muanzie pale mlipozoea. Ukakataa. "Sikusafiri mpaka hapa nikaingie tena mle ndani," ulisema.

Asubuhi iliyofuata hukumwambia mtu. Ulikusanya makopo matupu ya maziwa ya unga, ukayapanga juu ya ukuta wa uani. Ukachukua soksi zako, ukazivingirisha zikawa mipira. Ukakaa chini, mgongo umeuelekeza mlangoni, ukaanza kutupa peke yako. Mimi nilikuwa nafua. Soksi ya kwanza ilipita juu ya ukuta ikaangukia kwa jirani.

"Aaa! Upepo!" ukasema.

Ukatupa ya pili, ikanaswa kwenye kamba ya nguo. "Aaa! Upepo tena!"

Nilisikia mlango wa chumba cha mama ukilia. Raya alitoka hatua moja, akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeisikia sauti anayoijua ikitoka mahali asipopajua. Hukugeuka. Nilikuona shingo yako ilivyokaza, lakini hukugeuka.

"Leo upepo upo kweli," akasema polepole.

"Basi njoo unisaidie, mimi umenishinda."

Akaja. Akaokota soksi, akalenga, makopo mawili yakaanguka kwa kishindo, naye akaruka. Kisha akakaa kando yako, akanyoosha kidole akaligusa goti lako. Akalifinya. Akashuka mpaka kwenye kisigino akikukagua.

"Baba, miguu umeipata wapi?"

"Niliiacha hapa nilipoondoka," ukamjibu. "Nimeifuata."

Mama alikuwa dirishani. Aliondoka pale, akaenda kutandika mkeka wake wa kusalia.

Siku zilizobaki sihitaji kukuhadithia, ulikuwapo. Mlikuwa mkienda kununua viazi vya karai amekaa mabegani kwako, na mchana akilala kifuani pako hata mkono wako ukafa ganzi usitake kuuondoa. Nakuhadithia yale ambayo hukuyaona, yaliyotokea baada ya gari kukuchukua.

Hakulia. Alisema tu, "Tutaonana Jumatatu." Jumatatu ikafika, nikamvisha, nikawasha simu nione. Ulikuwapo na shati lako la kijani. Ulimwita, naye akakusogelea karibu kabisa. Hakuokota mpira. Alinyoosha mkono akuguse kifuani, na mkono ukapita ndani yako ukatokea upande wa pili. Akajaribu tena. Wewe ulidhani anacheza, ukacheka. Yeye akaivua miwani mwenyewe, akanipa.

"Mama, baba huyu hana joto."

Zamani alikuwa hajui. Miezi yote ile alicheza na kijitu kile akaridhika, kwa sababu hakuwahi kupakatwa nawe akakumbuka. Sasa anajua. Kila Jumatatu namuuliza kama ataingia, ananijibu, "Msalimie tu." Uliponiuliza kulikoni, nilikwambia umuulize mwenyewe, nawe hukumuuliza. Nadhani ulikuwa umeshafahamu.

Siidharau miwani ile. Bila yake, ungekuja ukamkuta mtoto asiyejua hata sauti yako, na usingekuwa na pa kuanzia. Ilituvusha. Lakini daraja halijengwi ili watu walale juu yake.

Sasa wamekupa mkataba mwingine utie saini. Uliniuliza, "Unasemaje?" nami nikasema nitakujibu. Hili ndilo jibu langu: usitie saini. Rudi.

Nimezungumza na mama. Tumekitoa kila kitu kwenye chumba cha mbele, kile kinachotazama barabarani, na Athman, aliyekuja tena likizo, amekipaka chokaa. Wewe ni fundi wa friji, kazi uliyoifanya mahotelini kabla hujaondoka, na huku watu wanaouza barafu, maji baridi na samaki kila siku friji zao zinaharibika, wanazipeleka hadi Malindi mjini. Sikudanganyi kwamba kazi zitakuwa nyingi. Mahoteli hayako kama zamani, na hiyo ndiyo sababu iliyokutoa. Kuna miezi tutapungukiwa. Hilo nalijua, na mama analijua.

Tupungukiwe ukiwapo.

Mama anakusalimu na anasema usisahau kuinua miguu ukilala. Raya amelala hapa ubavuni pangu, kinywa wazi. Mungu akurahisishie njia ya kurudi.

Anayekungoja,
mkeo, mama Raya