Matairi ya Kitanda

Braza Shadi,

Mimi ndiye binadamu mwenye kasi zaidi kutoka Jogoo Road hadi mwisho wa dunia. Usicheke. Huko uliko waulize malaika: wana mabawa, na bado ningewaacha kwenye kona ya Makadara. Tena ningewaacha nikiwa nimelala chali.

Ndiyo, naendesha Kitanda. Baada ya kukuzika nyumbani Bungoma, Mama alikifunika shuka huku nyuma ya nyumba kama anafunika mgonjwa. Nikavumilia mwezi mmoja, nikakifunua. Kuna ubishi wetu uliobaki katikati, na haunipi usingizi: kati yangu na wewe, nani alikuwa na haki kuhusu matairi?

Unakumbuka ulivyoanguka kule mjengo, mgongo ukakataa baiskeli za watu wa kawaida. Ukachukua kitanda chetu cha chuma, ukakikata mabomba, ukayachomelea upya. Kiti kimeegemea nyuma, pedali ziko mbele juu, gurudumu la mbele dogo kama la baiskeli ya mtoto. Mimi nikalala sakafuni kwa ajili ya sayansi yako. Watoto walikuwa wakikimbia nyuma yako, "Kitanda kimetoroka! Kitanda kimetoroka!" nawe unawapungia mkono kama waziri.

Kisha ukanituma sokoni Gikomba. "Dogo, niletee matairi manene, laini." Nikarudi na yale membamba ya baiskeli za mashindano, nikayajaza upepo mpaka yakawa mawe. Nikakwambia, "Buda, utapaa." Ulizunguka mtaa mara moja. Ukarudi, ukashuka umeshika ukuta, ukasema, "Wewe unapima na saa. Mimi napima na mgongo."

Nilicheka, manze.

Siku yangu ya kwanza nilienda nacho hadi kule kortini Makadara, na hapo nikaelewa. Kwa baiskeli ya kawaida, ukiona shimo unainuka kidogo juu ya pedali, shimo linapita chini yako. Kwa Kitanda utainukia wapi na umeshalala? Shimo linaingia kwa gurudumu, linapanda bomba, linakaa kwenye uti wa mgongo kama mgeni asiyeaga. Nilishuka nikitembea kama wewe.

Haya, maumivu nikakubali. Lakini kasi nilijua ni yangu. Tairi jembamba, gumu, hilo ndilo la mbio, hata mtu aliyeachia shule darasa la saba anajua. Nikaamua kupima.

Nilimwita Oti, beshte yangu, nikampa chaki. Tukaenda kwenye mteremko wa tangi la maji. Hakuna kupiga pedali, naachilia breki tu, na pale baiskeli inapokufa Oti anachora mstari. Matairi membamba yalifika kibanda cha mama wa mboga. Nikafunga manene yenye meno, yale ya baiskeli za milimani. Yakaimba njia nzima, vuuuu, na yakafia kwa kinyozi, kabla ya kibanda. Nikamwambia Oti, "Umeona? Unene ni uzembe."

Halafu nikafunga ya tatu: manene, yasiyo na meno, yenye ukuta mwembamba hivi kwamba unalikunja moja mkononi kama chapati. Nikayajaza mpaka kidole gumba kikazama kidogo tu. Shadi, nilipita kwa kinyozi. Nikapita mama wa mboga, akaacha kukata sukuma. Nikaenda kufia kwenye geti la kanisa. Oti akapiga kelele, "Mwizi! Umesukuma na mguu!" Tukarudia mara tatu, mara ya mwisho yeye akiwa amepanda. Geti la kanisa.

Nimekaa nikiwaza kwa nini. Nadhani ni hivi: jembamba likipiga jiwe, baiskeli yote inaruka, na kuruka juu si kwenda mbele. Lile laini linameza jiwe na kuendelea na safari yake. Sasa kama mgongo hautikisiki, ina maana nguvu yote iko barabarani. Saa yangu na mgongo wako zilikuwa zinasema kitu kimoja. Ungefurahi sana kunitukana.

Basi, lala salama, fundi wangu. Naahidi Kitanda hakitauzwa, na hayo matairi laini hayatatoka. Yakiisha nitatafuta mengine kama hayo. Krismasi nitakipakia juu ya basi, nikiendeshe hadi kaburini uone.

Sasa lile moja ambalo sijakwambia.

Nilipoyafuata Gikomba juzi, muuzaji alinitambua. "Kumbe umerudi," akasema, akayatungua kutoka msumari uleule. Kwa sababu siku ile uliyonituma, niliyashika. Niliyabonyeza. Nikayarudisha msumarini kwa mkono wangu, kwa kuwa nilitaka kuazima Kitanda kwako Jumamosi niwaonyeshe vijana wa Pumwani mbio. Wewe nikakwambia Gikomba nzima hakuna.

Hukukipanda tena. Ulisema unapumzika. Miezi miwili, kabla kifua hakijakulaza kabisa, ulikaa dirishani ukitazama barabara, na mimi nikipita nakwambia, "Fanya mazoezi, buda, mgongo utazoea."

Yalikuwepo, Shadi.