Mlango Unaofika Mwisho

Jumanne, 11 Februari
Nimerudi kutoka zamu ya kutunza wazee Vällingby. Wazee wanne, wote wameoga, wote wamekula. Chai. Kisha daftari la Kiholanzi. Siku kumi na moja zimebaki mjukuu wangu afike kutoka Utrecht. Ana miaka saba. Amepewa jina langu, Nyambura, na hatujawahi kuzungumza. Kiswahili hajui, Kikuyu hajui, Kiswidi ndiyo usiseme. Mwaka jana alijificha nyuma ya mama yake wiki nzima. Iliniuma. Safari hii nitamsemesha mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari
Maktaba ya Skärholmen. Mzee Kasongo, Mkongomani aliyeishi Antwerpen miaka mingi, ndiye mwalimu wangu wa Kiholanzi. Leo: majina yaliyounganishwa. Nilidhani baada ya miaka ishirini ya Kiswidi maneno marefu hayanishtui tena. Wapi! Handschoen, glavu: kiatu cha mkono. Schildpad, kobe: chura mwenye ngao. Nani alikaa akayawaza haya?

Na mpangilio wake. Sisi tunasema mlango wa chumba cha kulala, mlango unatangulia. Wao wanaanza na kulala, halafu chumba, mlango unafika mwisho. Slaapkamerdeur. Neno moja, bila nafasi, bila hata "wa" moja. Lazima uvumilie hadi mwisho ndipo ujue unaambiwa kuhusu nini. Nimelirudia kwenye treni mpaka abiria mmoja akahama kiti.

Jumatano, 19 Februari
Mzee kwa simu, kuhusu kugawa silabi: "Mama, kwanza utafute fasi maneno inaungana. Ukate pale. Kisha ndiyo ukate vipande vya ndani." Stadspark, bustani ya mji: stads-park. Ile s ya katikati ni gundi, lakini inabaki upande wa mji. Nimelikodolea macho neno hilo moja kama mtu anayemtazama fundi akishona. Mungu ni mkubwa, na watu wake wana akili.

Nimeandika karatasi kumi na mbili, silabi kwa vistari, nikabandika nyumba nzima. Koel-kast kwenye friji. Stof-zui-ger kwenye mashine ya kufyonza vumbi. Nilifundisha Nyeri miaka tisa, kazi naijua. Mtoto atasoma, atapiga kofi kwa kila silabi, tutaanzia hapo.

Jumapili, 23 Februari
Walifika jana. Leo baada ya kanisa nilimsimamisha mbele ya friji. Nikapiga makofi mawili kumwonyesha. Nikamwamuru asome. Akatazama viatu vyake. Nikamwonyesha karatasi nyingine. Nikapandisha sauti, ile ya darasani. Akakimbilia chumbani, akalia.

Wairimu, mama yake, alinifuata jikoni. "Mum, si ungeniuliza kwanza? Kusoma ndiko kunakomliza shuleni. Wenzake wanapiga makofi, yeye anabaki nyuma, wanamcheka."

Nimejichukia. Lugha nzima nimejifunza ili nimfikie, nikamfikia kama mwalimu mwenye fimbo. Hakuja mezani.

Jumatatu, 24 Februari
Haniangalii. Zamu ndefu. Nimeona aibu kurudi nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumanne, 25 Februari
Asubuhi niliketi sakafuni nje ya chumba chake. Nikasoma karatasi ya mlangoni mwenyewe, kwa sauti, na makofi. Slaa-pka-mer-deur. Nilijua si sawa. Ulimi wangu umezoea silabi zinazoishia na irabu. Nikarudia, vibaya zaidi. Mlango ukafunguka kidogo.

"Nee, oma." Hapana, nyanya. Maneno yake ya kwanza kwangu.

Akaketi. Akashika viganja vyangu akavigonganisha, taratibu, mara nne: slaap, ka, mer, deur. Aliweza! Mtoto huyu huyu! Kisha akanitazama usoni kuona kama nimeelewa. Tumezisoma zote kumi na mbili, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Nyingine nilikosea kweli, nyingine nilikosea makusudi. Wairimu alisimama jikoni na kikombe, hakuthubutu kusogea.

Jumatano, 5 Machi
Waliondoka Jumamosi. Theluji inayeyuka. Nyumba kubwa ghafla.

Leo saa kumi na moja jioni simu iliita. Si Wairimu, ni yeye. Alikuwa na kitabu. Alisoma ukurasa mmoja, akikwama, akirudi, akiendelea. Nilielewa nusu. Sikumsahihisha hata mara moja. Alipomaliza aliuliza kama bado nipo. Nikamwambia nipo.