Baba, Nilikuwa Njiani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia safari hii, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata kama nyumba inaungua.

Atakayeisoma barua hii akiwa Tanga au Songea atadhani namwandikia mwanaume. Sivyo. Huku kwetu Itiryo, mtoto wa Kikurya akisema "baba" anamwita mama yake mzazi. Yule wa kiume tunamwita "tata". Ndivyo nilivyokuita tangu nilipofungua mdomo, na sikujua kwamba duniani kuna watu wanaoliweka neno hilo upande mwingine mpaka nilipoingia darasa la kwanza.

Unamkumbuka yule mwalimu mgeni kutoka Mbeya? Alinisimamisha mbele ya wenzangu akauliza, "Gati, baba yako anafanya kazi gani?" Nikajibu kwa sauti, maana jibu nilikuwa nalo: "Anakamua ng'ombe, anapalilia mahindi, na sasa hivi yuko nyumbani ananyonyesha." Hakuna mtoto aliyecheka. Kwani kulikuwa na cha kuchekesha? Mwalimu ndiye aliyecheka, peke yake, mpaka akashika ukuta. Jioni nilikuja kukushtakia. Ulikuwa unasonga ugali wa muhogo na mtama, ukauacha mwiko umesimama sufuriani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia, "Kamwambie mwalimu hujakosea. Mimi ndiye."

Uliyekuwa ukimnyonyesha alikuwa Marwa, mdogo wangu. Homa ilimchukua kabla hajatembea. Baada ya mazishi nilikuona ukifua nguo zake ndogo zote, ukazianika kwenye ua vizuri kama vile kesho angezivaa. Nami nilichukua soksi moja iliyoanguka nikaianika.

Kisha tata akaoa mke wa pili kule Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, na hakurudi tena. Aliswaga ng'ombe wote, akatuachia yule mmoja aliyevunjika pembe, labda kwa sababu hakuna mnunuzi angemtazama. Majirani walikuja kukupa pole. Wewe ukawapikia chai ya maziwa ya ng'ombe huyohuyo, ukasema, "Pembe haikamuliwi." Walicheka huku wanafuta machozi. Lakini mimi nilikuwa nalala na wewe kitanda kimoja, baba. Nilijua godoro lilivyokuwa likitikisika taratibu.

Ulilima kwa watu ili nipate daftari. Ulibeba ndizi kichwani mpaka sokoni na kurudi na nusu yake zimeiva kupita kiasi, tukazila tukiwa tunajisifu kwamba matajiri ndio hula ndizi mpaka washibe. Mvua ikinyesha usiku bati lilivuja upande wa miguu, nawe ulikuwa ukisema afadhali, tungepata wapi maji ya kunawa bila kwenda mtoni? Mdomo huo! Ningekusikia tena ukinitania hata kwa dakika moja, ningekaa kimya kabisa nisikujibu chochote.

Nilipokuletea Elia, ulimwangalia kuanzia viatu hadi kofia. Mtu wa Singida, mchimba dhahabu, hana ng'ombe hata wa kuchora. Nilijua unaogopa. Ukamwuliza swali moja tu: "Akiumwa, utampikia?" Akasema atapika. Ukaingia ndani ukamletea kibuyu cha maziwa mgando, na mimi nikajua mambo yameisha. Tukahamia Kewanja, na kila nilipokuja kukuona nilikuta kibuyu kingine kinaningoja nyuma ya mlango, kimefunikwa kwa bakuli la bluu.

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma.

Siku ile simu yangu ilikuwa kwa fundi. Elia alirudi kutoka duarani, yaani kwenye shimo lao la dhahabu, udongo umemjaa hadi kwenye kope, akaniambia kwa upole, "Mama Rhobi, wamepiga simu kwangu. Baba yako amezidiwa. Wanasema uende haraka."

"Nani amepiga?"

"Mama mmoja mzee. Mtandao ulikuwa unakatakata, jina sikulishika."

"Kutoka Busawe?"

"Sasa baba yako ana kwingine?"

Unaona, baba? Tulikuwa tunaongea Kiswahili. Nyumbani kwangu na Elia tunaongea Kiswahili, na ndani ya Kiswahili "baba" ni yule aliyeswaga ng'ombe. Nilichukua simu ya Elia nikapiga ile namba, haipatikani. Nikakupigia wewe ili nikwambie kwamba tata ni mgonjwa, nikuombe ushauri. Nayo haipatikani. Nikasema simu yako imezima kama kawaida, umeipeleka dukani kuchajiwa.

Hata hivyo ushauri wako niliujua. Ulikwisha kuniambia mara nyingi kwamba mtu akizidiwa, hasira inawekwa nje kwanza, itachukuliwa wakati wa kutoka. Basi niliiweka nje. Nikamfunga Rhobi mgongoni, nikapanda bodaboda, nikavuka Mto Mara kuelekea Busawe. Itiryo iko upande wa pili, baba. Kila mita niliyokwenda ilikuwa inanitoa kwako.

Nilimkuta tata mzima wa afya, anaziba tundu kwenye zizi la mbuzi kwa matawi ya miiba. Alishtuka kuniona.

"Shikamoo tata. Nimeambiwa umezidiwa."

"Marahaba. Nani amesema mimi naumwa?"

"Wamempigia mume wangu. Wamesema baba amezidiwa."

Alisimama na tawi la mwiba mkononi. Nilimwona uso ukibadilika, na yeye ndiye aliyeelewa kabla yangu. Akauliza polepole, kwa Kikurya sasa, "Walisema tata? Au walisema baba?"

Sikumbuki hata nilivyorudi kwenye pikipiki. Nakumbuka tu tata alipanda nyuma yetu bila kuombwa, na njia nzima alikuwa anamwambia dereva, "Kaza, kijana. Kaza."

Vilio tulivisikia tangu kwenye kona ya shamba la Bibi Nyangi.

Ni yeye jirani yako aliyepiga simu. Alimwambia Elia, "Mwambie Gati, baba amezidiwa," kama ambavyo ningemwambia mimi, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angesema. Kisha salio likaisha na chaji ikafuata. Hakukosea. Elia naye hakukosea, alibeba neno lilelile alilopewa, hakupunguza wala hakuongeza. Nami nilikwenda pale neno lilipoonyesha. Ndiyo maana naumia hivi, sina wa kumkasirikia. Nimemtafuta wa kumlaumu kila kona, baba, nimemkosa.

Tata hakuingia uani. Alisimama nje ya ua amevua kofia mpaka Bibi Nyangi alipomfuata akamwambia, "Ingia basi. Angekukaribisha." Aliingia. Alichimba kaburi na vijana. Sijui kama nimemsamehe, na sikuandikii barua hii kukudanganya kwamba nimemsamehe.

Elia tangu siku hiyo amekuwa mpole kupita kiasi. Anapika bila kuambiwa, kama alivyokuahidi. Rhobi ameanza kusema, na nilikuwa nimemfundisha aniite kama nilivyokuita wewe. Zamani Elia alikuwa anatania: "Mtoto analia baba, naacha chakula nakimbia, kumbe anakutaka wewe!" Siku hizi Rhobi akisema "baba", Elia anainuka anatoka nje, anasimama nyuma ya choo. Majuzi nilimsikia akimbembeleza mtoto kwa kunong'ona, "Sema mama. Rhobi, sema mama." Nikaingia nikamwambia aache. Nilimwambia neno hili halikuua mtu, na kwamba ukoo wangu wote tunalitumia kumwita mtu tunayempenda kuliko wote. Alilia kwenye bega langu. Mimi nilimwambia hayo kwa nguvu sana, lakini nilikuwa najiambia mwenyewe.

Kibuyu nilikikuta nyuma ya mlango. Bakuli la bluu juu yake. Bibi Nyangi alisema uliagiza kiwekwe asubuhi ile, ukiwa huwezi tena kuinuka, kwa sababu Gati anakuja. Nilikaa sakafuni nikayanywa maziwa yote. Yalikuwa yamechacha sana. Sikumpa hata Rhobi.

Na Bibi Nyangi akanieleza mwisho wako. Kwamba uliuliza zaidi ya mara moja, "Gati yuko wapi?" na yeye, ili akutulize, akakujibu, "Yuko njiani." Kwamba ulitabasamu ukasema, "Basi msifunge mlango." Kwamba haukufungwa. Sasa bibi wa watu hapati usingizi, anadhani alikudanganya ukiwa unakufa. Nimemwambia alale.

Hakukudanganya, baba. Nilikuwa njiani. Nilikuwa nimepanda pikipiki ya mtu, mtoto mgongoni, naharakisha kwa moyo wangu wote, namwita Mungu anifikishe kwa baba.

Lala salama. Mlango usiufunge, bado nakuja.

Mimi mwanao,
Gati